Wati Zaidi Kwenye Taa za Gari: Mazungumzo kwa Madereva wa Airport

Matini ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa madereva wa teksi, matatu, tuk-tuk na bodaboda wa eneo la Airport, Changamwe, pamoja na mafundi wanaowahudumia.



Kazi ya dereva wa teksi wa Airport hailingani na ya mwenzake wa mjini. Abiria wake hushuka kwenye ndege saa ambayo wengine wamelala, ana masanduku matatu, na safari yake si ya Nyali wala Tudor. Anataka Diani, Kilifi au Watamu, na anataka kufika usiku huo huo. Hadi Mtwapa kuna maduka na taa za kando ya barabara. Mbele, kwenye mkonge wa Vipingo, dereva anaona kile tu ambacho taa zake zimekifikia. Na kwenye barabara hiyo hiyo kuna mtu anayetembea kwa miguu akiwa amevaa nguo nyeusi, kuna baiskeli isiyo na taa ya nyuma, na kuna trela iliyoharibika ambayo dereva wake ameweka matawi badala ya pembetatu.

Sheria inaruhusu gari la abiria kwenda hadi kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakula mita 22 kila sekunde. Breki nzuri kwenye lami kavu zinahitaji mita zipatazo 53 ili gari lisimame kabisa, ukijumlisha na muda wa dereva kushtuka na kukanyaga. Taa ya chini, ile dimu, ikiwa imeelekezwa vizuri humulika mita 60 hivi mbele. Ziada ni ndogo mno. Kioo cha taa kikiwa kimefifia, au waya umechoka, ziada hiyo inakwisha, na dereva anaendesha kwa kubahatisha bila kujua.

Kwa hivyo dereva anayekwenda dukani kuuliza balbu yenye nguvu zaidi hana kosa. Anataka kuona. Jambo la kuzungumzwa ni kile anachouziwa na kinachotokea baadaye chini ya boneti.

Magari mengi ya kazi hapa, kuanzia Probox hadi matatu aina ya HiAce, hutumia balbu ya halojeni iitwayo H4. Ndani yake mna nyuzi mbili. Ule wa fuli ni wa wati 60 na ule wa dimu ni wa wati 55, ndiyo maana imeandikwa 60/55. Dukani, kando ya balbu hiyo, kuna nyingine inayofanana nayo kabisa kwa umbo, inaingia kwenye soketi ile ile bila kusukumwa, lakini imeandikwa 100/90. Bei haitofautiani sana. Fundi anaifunga kwa dakika kumi, dereva anawasha, anaona ukuta umeng'aa, analipa na kuondoka akiwa na furaha.

Hesabu ya umeme haina furaha hiyo. Balbu mbili za dimu za wati 55 zinavuta wati 110 kwa jumla, na kwa mfumo wa volti 12 hizo ni ampea 9 na kidogo. Balbu mbili za wati 90 zinavuta wati 180, yaani ampea 15. Kwa fuli mambo yanapanda kutoka ampea 10 hadi karibu 17. Waya wa kiwandani ulichaguliwa kwa ajili ya zile ampea 9 au 10, na mwenye kiwanda hakuweka shaba ya ziada kwa ukarimu. Tena joto la waya halipandi sambamba na umeme. Umeme ukiongezeka mara moja na theluthi mbili, joto kwenye waya ule ule huwa zaidi ya mara mbili na nusu.

Joto hilo huchagua mahali pa kwenda. Kwanza ni soketi ya plastiki nyuma ya balbu, ambayo inageuka rangi ya kahawia, kisha inakuwa ngumu na kuvunjika kama biskuti. Kwenye magari ambayo umeme wote wa taa hupitia kwenye swichi ya usukani, swichi nayo hupata moto, na dereva husikia harufu ya plastiki ndani ya gari huku akidhani inatoka nje. Balbu yenyewe hupika kioakisi cha taa, ile sehemu ya ndani inayong'aa kama fedha, hadi rangi inabambuka. Kioakisi kikishabambuka, hata balbu ya wati mia mbili haitasaidia, kwa sababu hakuna kinachorudisha mwanga mbele.

Halafu kuna fyuzi. Fyuzi ya ampea 10 haiwezi kuhimili balbu mpya, inakatika. Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Badala ya kuuliza kwa nini imekatika, mtu anaweka ya ampea 20 au 30, na wengine huzungusha karatasi ya sigara yenye bati. Fyuzi imewekwa ili iungue kabla ya waya. Ikiwa na nguvu kuliko waya, basi waya ndio utakaoungua, na waya huo umefungwa pamoja na nyaya nyingine nyingi, zikipita karibu na bomba la petroli. Gari linalowaka moto likiwa na abiria wanne na dereva aliyechukua mkopo wa kulinunua ni msiba wa nyumba zaidi ya moja.

Sasa, kabla ya kununua wati hata moja zaidi, dereva anatakiwa kujua kama anapata zile alizonazo.

Mombasa ni mji wa chumvi. Hewa ya bahari huingia kwenye kila kiungo cha shaba na kuacha unga wa kijani. Waya wa hasi, ule ambao mafundi huuita arthi, umeshikwa kwa bolti kwenye bodi ya gari, na bolti hiyo hushika kutu. Kila kiungo kichafu hula volti kidogo. Upimaji wake ni rahisi na fundi yeyote mwenye mita anaweza kuufanya: injini ikiwa inanguruma na taa zimewashwa, pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye vituo vya balbu yenyewe. Tuseme betri inaonyesha 13.8 na balbu inapata 12.4. Upungufu ni asilimia 10 tu, na wengi wataupuuza. Lakini mwanga wa halojeni haupungui kwa asilimia 10. Unapungua kwa takriban asilimia 30. Karibu theluthi ya taa aliyolipia dereva imebaki njiani ikiwa joto.

Na hapa ndipo balbu ya 100/90 hujidanganya yenyewe. Ikiwekwa kwenye waya huo huo, inavuta umeme zaidi, na upotevu unapanda kutoka volti 1.4 hadi kufikia 2 au zaidi. Sehemu ya zile wati mpya haifiki kwenye balbu kamwe. Inapasha moto waya.

Dawa yake ni rilei, na ingefaa ifungwe hata na yule ambaye hana nia ya kubadilisha balbu. Rilei ni swichi inayoamrishwa na umeme mdogo. Waya wa zamani wa taa, badala ya kubeba mzigo wote, unabaki na kazi ya kuiamrisha rilei, kazi inayohitaji chini ya nusu ampea. Mzigo wenyewe unapita njia mpya, fupi na nene, kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye balbu. Mafundi wanazijua nambari zilizoandikwa chini ya rilei: 85 na 86 ni za amri, 30 inapokea umeme wa betri, 87 inaupeleka kwenye taa. Zinahitajika rilei mbili, moja ya fuli na moja ya dimu. Waya wa kwenda kwenye balbu uwe wa milimita mraba 2.5, na ule mkuu wa kutoka betri uwe wa 4. Fyuzi ya njia mpya ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Arthi nayo ipewe waya mpya wa unene ule ule, ushikwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Kabla ya yote hayo, hasi ya betri ifunguliwe.

Kwenye magari kadhaa ya Kijapani rilei huwa zimo tayari, na swichi hukata upande wa hasi badala ya chanya. Fundi asiyelijua hilo atafunga nyaya zake, taa zitakataa kuwaka, na ataanza kulaumu rilei. Apime kwanza.

Dereva aliyefanya hivyo na kubaki na balbu zake za 60/55 mara nyingi huuliza fundi amebadilisha nini kingine, kwa jinsi mwanga ulivyorudi.

Kuhusu vioo. Taa za magari ya siku hizi hazina kioo cha kweli, ni plastiki ngumu, na jua la Pwani huifanya ya manjano kama jicho la mgonjwa wa ini. Gari lililolala nje miaka kadhaa linapoteza mwanga mwingi hapo, na mwanga unaobaki unatawanyika kila upande. Msasa laini wa maji, kuanzia nambari 1000 hadi 2000 au zaidi, kisha dawa ya kung'arisha, huondoa utando huo kwa saa moja. Dawa ya meno nayo husaidia, lakini kwa wiki chache. Asipopaka kinga ya jua juu yake, manjano itarudi baada ya miezi.

Baada ya waya kuwa sawa na kioo kuwa safi, kama dereva bado anataka mwanga zaidi, zipo balbu ambazo zimebaki kwenye 60/55 lakini uzi wake umetengenezwa kwa ustadi zaidi, zile zinazoandikwa kwamba zinaongeza asilimia mia moja au zaidi. Asilimia hizo ni za sehemu fulani ya barabara, si za mwanga wote, kwa hivyo asitarajie jua. Hata hivyo zinasaidia, hazichomi waya, na tatizo lake ni kufa mapema. Zile zilizopakwa rangi ya buluu ni za urembo. Rangi huzuia sehemu ya mwanga kutoka, na wakati wa mvua mwanga mweupe wa buluu humrudia dereva usoni. Katika kununua, atazame herufi E ndani ya duara pamoja na nambari, alama inayoonyesha balbu imepita vipimo vya kimataifa. Balbu ya volti 12 ya 100/90 haina nafasi katika vipimo hivyo vya H4, na boksi lake mara nyingi limeandikwa kwa herufi ndogo kuwa ni ya kutumika nje ya barabara za umma, maneno ambayo muuzaji hayasomi kwa sauti.

Je, kuna mahali ambapo wati nyingi ni halali na zina maana? Lipo gari la mashambani au la uokoaji ambalo taa zake za ziada huwashwa pasipo na mtu. Na ndege. Wakazi wa hapa wanaziona kila jioni zikishuka kuelekea njia ya ndege, na taa zake za kutulia zinaweza kuwa za mamia ya wati kila moja. Rubani anaruhusiwa kwa sababu hakuna ndege inayomjia uso kwa uso kwenye njia ile ile. Barabara ya Port Reitz ina trela, mikokoteni, na wafanyakazi wa bandarini wanaorudi kutoka zamu.

Hao ndio upande wa pili wa mazungumzo haya, na kwa kawaida hawaulizwi. Mwenye bodaboda aliyepigwa fuli kali usoni anaendelea kutembea sekunde kadhaa akiwa haoni chochote, na kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa kila sekunde ni karibu mita 14. Akiwa na umri mkubwa, macho yake huchukua muda mrefu zaidi kurudi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza gari kuwa barabarani katika hali inayoweza kuhatarisha watu, na gari la abiria linalopelekwa kwenye ukaguzi wa NTSA hutazamwa taa pia.

Mara nyingi lakini gari linalopofusha watu halina balbu kali. Lina balbu ya kawaida iliyoelekezwa vibaya, na kwa teksi za Airport kuna sababu ya pekee: masanduku. Taa ya Probox ipo sentimita 65 hivi kutoka chini. Ikielekezwa inavyotakiwa, mwanga wa dimu unashuka sentimita 1 kila mita 1, na unagusa lami mita 65 mbele. Abiria watatu wakikaa nyuma na buti ikajazwa, mkia unazama na pua inainuka. Nusu digrii tu inatosha kuunyanyua mwanga hadi karibu usawa wa moja kwa moja, na hapo kila anayekuja mbele anadhani dereva amegoma kudimu. Magari mengi yana kigurudumu kidogo kando ya usukani chenye nambari 0 hadi 3. Wengi hawajawahi kukigusa tangu gari lishuke melini. Kazi yake ni hiyo hasa: mzigo ukiongezeka nyuma, nambari inapandishwa na mwanga unashuka.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mashine. Gari lisimame mahali tambarare mita 10 kutoka ukutani, magurudumu yakiwa na upepo wa kutosha na dereva akiwa kitini. Pimwe urefu kutoka chini hadi katikati ya balbu, chaki ipigwe ukutani kwa urefu huo huo, kisha mstari mwingine sentimita 10 chini yake. Ukingo wa juu wa mwanga wa dimu unatakiwa ulale kwenye mstari wa chini, na upande wa kushoto upande kidogo kumulika kando ya barabara kwenye waenda kwa miguu. Magari kutoka Japani huja yakiwa hivyo kwa sababu nako wanaendesha kushoto. Taa nzima ya spea iliyotolewa kwenye gari la Ulaya bara itamulika juu upande wa kulia, machoni pa anayekuja, na hakuna skrubu itakayoirekebisha.

Vijana wa tuk-tuk na bodaboda watauliza kuhusu LED, na ni swali zuri, kwa sababu kwao balbu ya wati nyingi haiwezekani kabisa. Pikipiki nyingi za kazi hutumia taa ya wati 35, na umeme unaotengenezwa na injini ndogo hautoshi kulisha mara mbili ya hapo. Betri itakufa. LED inavuta umeme mdogo, hivyo waya uko salama. Tatizo linahamia kwenye kioakisi. Kilichorwa kwa ajili ya uzi mwembamba ulio mahali maalum, na vidonge vya LED visipokaa mahali hapo hasa, mwanga unaruka ovyo. Dereva anaona kweupe karibu na gurudumu la mbele na kudhani ameshinda, wakati mbali amepoteza. Ujerumani, tangu 2020, imeruhusu balbu za LED kwenye taa za halojeni, lakini kila balbu imeidhinishwa kwa aina ya gari iliyopimwa nayo, moja baada ya nyingine. Zile za xenoni zinazouzwa na kiboksi chake ni hatari zaidi kwenye kioakisi cha halojeni. Kwa wati 35 hutoa mwanga unaokaribia mara mbili ya halojeni, bila ukingo wa kuukata, na kiboksi hicho huwasha taa kwa volti zaidi ya 20,000, umeme ambao fundi hapaswi kuuchezea mikono mitupu.

Yuko atakayesikia yote haya na bado aweke 100/90. Basi angalau awe na rilei na waya mnene kama ilivyoelezwa, soketi za kauri badala ya plastiki, na fyuzi inayolingana na waya. Kioakisi kitaharibika tu baada ya muda, na mbele ya askari wa trafiki rilei si utetezi.

Neno la mwisho ni la kazi. Balbu mpya ya halojeni ishikwe kwa kitambaa safi au kwa chuma chake, kwani mafuta ya kidole yakibaki kwenye kioo chake hukipasua inapopata moto. Ikiguswa, ifutwe kwa spiriti. Baada ya kazi yoyote ya waya, taa ziwashwe dakika 20 gari likiwa limesimama, kisha soketi, rilei na fyuzi ziguswe kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu ni sawa. Kinachounguza kirudishwe kwa fundi siku hiyo hiyo. Na ikitokea moshi njiani, taa na injini zizimwe, abiria washuke upande wa mbali na magari, boneti ifunguliwe kwa upenyo mdogo tu ili mtungi wa kuzimia moto upenyezwe, kwani kuinua boneti yote kunaupa moto hewa. Nambari za dharura ni 999 au 112.